Kura za Watu wa Vigae

Jumatatu, 3 Machi

Leo wanafunzi wangu ni watu wa Vigae watupu. Asubuhi yule mhasibu anayekanyaga klachi kama anaua mende. Mchana dada wa benki, ambaye kila lori likipita anafumba macho — anafumba, jamani, na yeye ndiye dereva! Jioni mwenye duka la mapazia. Wa Mtaa wa Zamani hata mmoja. Wa Zamani wanaojua gari walijifunza kitambo, na wasiojua wana miguu.

Jina hilo la Vigae nililianzisha mimi, likashika. Sisi huku bondeni tuna mabati, wao kule mlimani wana vigae vyekundu, nyumba zimefanana kama mayai kwenye trei. Juzijuzi tu palikuwa shamba la mahindi la Mjomba. Akalikata viwanja mwenyewe. Watu walipomuuliza mbona unatuletea tusiowajua, akacheka: mgeni njoo, mwenyeji apone!

Wamekuja. Na uchaguzi nao umekuja. Mwenyeji hana raha.

Jioni Mjomba alipita nyumbani. Hakukaa. Kofia mkononi, anaizungusha kama usukani. Anataka gari langu wikendi zote hadi siku ya kura, waweke spika juu, lizunguke likitangaza. Eti Kobe anajulikana na kila mtu. (Kobe ndilo gari langu. Jina walimpa madereva wa malori waliokwama nyuma yetu.)

Ningemkataliaje? Kaka yake Mama. Diwani wetu tangu mimi nina meno ya utoto. Nilipofungua shule ya udereva watu walicheka hadi wakashika mbavu — mwanamke afundishe gari! Mjomba akapanda kiti cha mwanafunzi, akaniambia mzungushe mjomba wako sokoni, polepole, wamwone. Tukazunguka. Akawa anapunga mkono kama bwana harusi. Wiki ile ile nikapata wanafunzi.

Nimesema ndiyo. Chama chake, Kinu, sasa kina gari.

Alhamisi, 6 Machi

Mwanafunzi mpya. Mfamasia, yule mwenye duka la dawa kule Vigae, pembeni ya mzunguko. Mrefu, mpole, miwani imemteremkia puani. Kulia anakata vizuri. Kushoto hakati kabisa, anaomba tuzunguke kulia mara tatu ili tufike palepale. Nikamwambia mama, mtihani hauna huruma hiyo.

Tulipokuwa tunazunguka kulia kwa mara ya pili akasema, kwa sauti ya mtu anayesema mvua itanyesha, kwamba anagombea udiwani. Chama cha Filimbi.

Nilikanyaga breki yangu ya mwalimu. Gari likasimama katikati ya barabara.

"Nimekosea wapi, Mwalimu?"

"Hujakosea. Nilikuwa nakupima."

Hapo ndipo nilipaswa kusema: dada, diwani unayegombea kiti chake ni mjomba wangu. Neno moja tu. Nikalimeza. Shetani wa kutaka kusikia ana nguvu kuliko mimi.

Basi akasema. Kule kwao nyumba nzuri, vyoo vya ndani, lakini kufika kituo cha basi unavua viatu maana njia ni tope. Mitaro haipo. Zahanati iko upande wa pili wa bonde. Na diwani hajawahi kumwona kwa macho, labda ni picha tu.

Mimi nikasema "Mmh." Nikasema "Mmh" safari nzima. Mmh si uongo.

Jumamosi, 8 Machi

Spika mbili juu ya Kobe, kubwa kama sufuria za msibani. Katibu wa tawi kakaa pembeni yangu na kipaza sauti. Katibu ni mwembamba, suruali yake inashikwa na mkanda na matumaini, lakini sauti! Sijui huwa anaihifadhi wapi.

"Twanga! Twanga tena! Kinu ni chetu, mchi ni wetu!"

Mtaa wa Zamani ulifurahi. Wanawake walitoka na michi ya kweli, wakakata viuno, na mzee fundi viatu akasema neno kuhusu mchi ambalo hata humu siliandiki. Nilicheka hadi nikakosa gia.

Kisha tukapanda Vigae.

Mageti yamefungwa. Mbwa wakajibu peke yao. Katibu akatwanga, akatwanga tena. Mwisho akatoka baba mmoja kwenye baraza ya juu, taulo kiunoni, povu la sabuni shingoni. Akauliza kama tunauza gesi.

Katibu akazima kipaza sauti. Akanieleza kwamba hawa si wapiga kura. Hawa wanalala hapa tu, kura zao ziko walikotoka, na Jumapili ya uchaguzi watakuwa wamelala. Keshasema hivyo kwa Mjomba, na kwa wakubwa wa chama jimboni pia.

Nikatazama kamba za nguo nyuma ya kuta. Sare za shule. Nepi. Mashuka ya vitanda vya watoto. Mtu analeta nepi mahali pa kulala tu?

Tunatwanga maji, nikajisemea. Tena kwenye kinu chenyewe!

Jumanne, 11 Machi

Mfamasia: "Mwalimu, Jumamosi ulisikia lile gari la makelele? Linafanana na hili."

Mimi: "Magari siku hizi yanafanana."

Spika niliziteremsha, ndiyo. Lakini asubuhi nikakumbuka karatasi ya Mjomba kwenye bampa la nyuma — uso mzima, meno yote. Na somo la leo ilikuwa rivasi! Nikamwambia rivasi tutaiacha kwanza, ni somo la watu waliokomaa. Akakubali. Mwanafunzi mtiifu unamdanganya kwa shida sana moyoni.

Kashoto kake kanaanza kukubali.

Jumapili, 16 Machi

Chakula cha mchana kwa Mjomba. Redio ilikuwa inasema: safari hii jimbo linaweza kuwaponyoka Kinu, tangu chama kizaliwe haijatokea, na sababu si mjini wala si vijijini. Ni mitaa mipya ya pembezoni, iliyojaa watu waliotoka huku na huko na hawana deni la zamani na mtu. Mtangazaji akataja na kata yetu! Nilijisikia kama nimetajwa harusini.

Mjomba akaizima. Akasema huyo mtangazaji hata ndevu hana. Tunamsikia tu redioni, umejuaje hana ndevu? Hakuna aliyeuliza.

Nilipokuwa naosha vyombo, Mkaza mjomba akaja jikoni, akafunga mlango, akaongeza maji ya bomba yapige kelele. Mke wa diwani, na magoti yake, na kanga yake safi isiyojua kukunjika. Akaniambia sikioni:

"Nifundishe gari."

"Mama!"

"Shh. Tangu kampeni zianze, gari la nyumba hii limebeba vijana wa Kinu tu. Mimi naenda kuchukua dawa za presha kwa miguu, kule mlimani. Nifundishe, na usimwambie mjomba wako."

Anachukua dawa wapi? Kwa Mfamasia! Wanapendana, kumbe. Anapewa kiti, anapimwa, anaulizwa amelalaje. Anasema nyumbani kwake mwenyewe haulizwi amelalaje tangu kiangazi.

Hajui kwamba yule ndiye mgombea? Nikamuuliza. Akanikazia jicho.

"Mwanangu, mimi nina magoti mabovu. Masikio ni mazima."

Sasa nina wanafunzi wawili ambao natakiwa nisimtaje mmoja kwa mwingine, wala wote wawili kwa Mjomba. Hii si shule ya udereva tena. Ni ubalozi.

Jumamosi, 22 Machi

Mungu wangu. Mungu wangu! Sijui nicheke au niogope.

Asubuhi tulitangaza kama kawaida. Mvua ikaanza, Katibu akakimbilia nyumbani, spika zikabaki juu. Nikazifunika turubai. Mfamasia alikuwa na somo la alasiri, mtihani wake ni Jumatano, hawezi kukosa. Nikasema haya, turubai haliongei.

Akapanda. Akauliza juu ya gari kuna nini. Nikasema mzigo. (Ni mzigo kweli.)

Tukafika mtaa mkubwa wa Vigae, mvua imepungua, watu wanatoka madukani. Kioo kikafanya ukungu. Mama wa watu akatafuta wipa. Akabonyeza kitufe cha chini — kile Katibu alichokifunga kwa waya wake mwenyewe, cha kupiga sauti yake aliyoirekodi.

"TWANGA! TWANGA TENA! DIWANI WENU NI MMOJA! KINU NI CHETU, MCHI NI WETU!"

Turubai lilipeperuka. Naapa. Mageti ambayo hayakufunguliwa wiki zote hizi yalifunguka yote kwa mpigo. Na wakamwona nani kwenye usukani? Mgombea wao wa Filimbi! Miwani puani, mikono imeganda, anawatangazia kinu na mchi!

Gari likazima katikati ya mzunguko. Spika hazikuzima.

Niliruka nikachomoa waya. Mfamasia akanigeukia taratibu.

"Mwalimu. Hii sauti ni ya nani?"

"Ya Katibu."

"Na gari?"

"La kwangu. Diwani ni mjomba wangu. Kaka yake mama yangu, tumbo moja. Nilipaswa kukuambia siku ile ya kwanza."

Alinitazama. Nikasubiri kofi, au machozi, au ashuke. Akaanza kutikisika mabega. Nikadhani analia. Kumbe anacheka! Alicheka hadi akavua miwani, akaipangusa, akacheka tena. Akasema ndiyo maana hujawahi kunifundisha rivasi. Kwenye bampa kuna nini, Mwalimu?

Kisha — huyu mpole! — akaniomba nirudishe waya. Akashika kipaza sauti alichokiacha Katibu, akasema kwa sauti ileile ya mtu anayesema mvua itanyesha:

"Majirani, samahani. Msinielewe vibaya. Najifunza gari tu. Kushoto bado kunanisumbua."

Vigae vikapasuka! Watu walipiga makofi, watoto wakapuliza filimbi kutoka kila baraza. Baba wa taulo — safari hii amevaa — alikuja kutusukuma. Na simu juu, simu, simu. Kila mtu anarekodi.

Jumapili, 23 Machi

Video ilifika kwa Mjomba kabla ya chai.

Niliitwa. Sebule, yeye, Katibu, Mkaza mjomba mlangoni amekunja mikono. Simu ya Katibu mezani, imesimama kwenye uso wa Mfamasia anayecheka.

"Umenivua nguo hadharani," Mjomba akasema. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Nikasema mimi ni mwalimu, nafundisha anayekuja. Ningeuliza chama kabla ya mkanda? Katibu akasema damu ni damu. Mkaza mjomba akasema, kutoka mlangoni, kwamba damu yake ina presha na hakuna aliyeiuliza kitu. Katibu akatazama viatu.

Nikajaribu utani. Nikasema, Mjomba, lakini angalau jana jina lako lilisikika Vigae kuliko siku zote.

Hakucheka. Alimwambia Katibu atupishe. Alipotoka, Mjomba akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Waliposikia jina langu, walisema nini?"

Ningeweza kudanganya. Nimeshadanganya wengi mwezi huu.

"Waliulizana ni nani, Mjomba."

Akashika kofia, akaiweka goti la kushoto, akaihamishia la kulia. Akasema yeye ndiye aliyechonga barabara ya kwanza kule, kwa ng'ombe! Ndiye aliyewauzia ardhi wanayolala! Mbona hawakuja hata mmoja kumweleza shida?

"Wangekueleza wapi? Mkutano wa kata ni saa nne asubuhi siku ya kazi, uani kwa Katibu. Saa nne wao wako maofisini mjini."

"Ndivyo tulivyofanya siku zote."

"Ndiyo, Mjomba."

Nimeambiwa niendelee kutangaza. Na nimeambiwa Mfamasia nimfundishe amalize, maana Mjomba hataki isemwe kwamba alimwogopa mwanamke asiyejua kukata kushoto.

Jumatano, 26 Machi

Mfamasia kafaulu! Kushoto, kulia, rivasi, vyote. Alinikumbatia mbele ya askari wa barabarani hadi askari naye akaona haya.

Mkaza mjomba, kwa upande wake, kaangusha ua wa michongoma wa mwenye nyumba wa kona. Ua wote. Akashuka, akautazama, akasema ulikuwa umeota vibaya.

Jumapili, 30 Machi

Mjomba alikuja bila Katibu. "Twende kule juu. Usiwashe kitu."

Akakaa mbele, mkanda umefungwa, mikono magotini kama mtoto anayepelekwa shule. Nikaendesha polepole. Akaanza kuonyesha: hapa palikuwa na kisima. Hapa ng'ombe mweusi alizama tope siku tatu. Pale, kwenye ile nyumba ya ghorofa, ndipo mpaka na jirani, tulipigania mpaka ule hadi jirani akafa.

Kisha akasema kata kushoto, nikuonyeshe nilipozaliwa. Nikakata. Vigae. Akasema hapana, hiyo nyingine. Nikakata. Vigae, geti jeusi, ua wa maua meupe. Ileile au nyingine, sijui. Tukazunguka. Akatoa kichwa dirishani, akatazama juu, akatafuta kilele cha mlima. Hata kilele kilikuwa kimejificha nyuma ya mapaa.

Mjomba kapotea shambani mwake! Nilitaka kucheka, nikabadilisha gia.

Tulipita penye njia ya kituo cha basi. Wamepanga matofali kwenye tope, moja moja, mtu aruke. Dada mmoja alikuwa anaruka na viatu mkononi, mtoto mgongoni. Mjomba alimtazama hadi akamaliza.

Nikamwambia shuka uwasalimie, wapo, ni Jumapili. Akasema siku nyingine. Hakuvaa kofia safari nzima. Bila kofia hafanani na picha.

Jumanne, 8 Aprili

Katibu alinikuta nikibadilisha gurudumu. Analo tangazo jipya, la Ijumaa, mara ya mwisho kabla ya kura. La Vigae tu. Huku chini nisilipige.

Akanisikilizisha kwenye simu. Sauti siyo yake, ni ya mtu asiye wa hapa, tamu kama ya uwanja wa ndege. "Wakazi wa mtaa mpya, mnaarifiwa kwamba kituo chenu cha kupigia kura kimehamishwa kutoka shule mpya, kimepelekwa ghala la zamani la pamba."

Ghala la pamba liko ng'ambo ya bonde. Mbali, na limefungwa kwa kufuli tangu nasoma.

"Kimehamishwa lini?" nikauliza.

Akacheka na meno ya pembeni. "Wewe endesha tu."

"Si ulisema watalala?"

Akarudi nyuma hatua moja. Spana ilikuwa mkononi mwangu na nadhani aliiona.

Nimekaa na jambo hili tangu mchana. Mimi ni mtu wa vichekesho, kila mtu anajua. Hiki hakinichekeshi. Nikimwambia Mjomba na nikakuta anajua, nitafanyaje?

Jumatano, 9 Aprili

Nilimwambia Mkaza mjomba kwanza, garini, tukiwa gia ya pili. Akabadilisha gia ya tatu, vizuri kabisa, bila kukwaruza.

Alimuuliza mezani. Nilikuwepo. "Baba, lile tangazo la ghala. Unalijua?"

Mjomba alikuwa anamenya chungwa. Akaendelea kumenya. Ganda likateremka refu, halikukatika. Nilisikia saa ya ukutani. Nilisikia na yangu ya mkononi.

"Katibu ana mambo mengi," akasema.

Basi. Hakusema najua, hakusema sijui. Akagawa chungwa, akanipa kipande kikubwa kama alivyokuwa akinipa nikiwa mdogo. Nikakila. Kilikuwa kichungu, au ni mimi.

Ijumaa, 11 Aprili

Katibu alifika mapema, simu imeunganishwa na spika. Alinikuta kiti cha pembeni. Kwenye usukani, kanga imefungwa kiunoni, kibao cha mwanafunzi mbele na nyuma: Mkaza mjomba.

"Leo naendesha mimi," akasema. "Panda nyuma, mwanangu. Funga mkanda."

Ungeona uso wa Katibu! Atamshusha mke wa diwani, na majirani wote wako milangoni? Akapanda.

Sijawahi kufurahia somo kama lile. Gari liliruka kama chura. Lilizima mbele ya msikiti, likazima mbele ya kanisa, halikubagua. Kila Katibu alipogusa simu, Mkaza mjomba alikanyaga breki na simu ikaruka mbele. Kwenye mlima tulirudi nyuma kidogo. Kidogo kingi. Katibu alianza kuomba kwa sauti ile ile ya twanga tena.

Penye mzunguko wa Vigae akafanikiwa kuwasha. "Wakazi wa mtaa mpya, mnaarifiwa kwamba—"

Mkaza mjomba akakata kushoto. Barabara ilikuwa kulia.

Mtaroni! Ule mtaro ambao watu wa Vigae wamejichimbia wenyewe kwa majembe kwa sababu kata haikuwachimbia. Kobe kaingia pua, makalio juu. Spika zikang'oka, moja ikaviringika ikaenda kukaa kwenye dimbwi, ikasema "pamba... pamba... pam" ikanyamaza.

Nilimwangalia mwanafunzi wangu. Hakuwa na mchubuko. Akatengeneza kanga.

"Magoti," akasema. "Yamenisaliti."

Nina breki upande wangu. Mwalimu wa udereva ana breki yake, ndiyo maana anaitwa mwalimu. Ningeweza kuikanyaga. Mguu wangu ulikuwa palepale juu yake, nikautazama, ukakaa.

Watu walimiminika kutoka mageti. Walitutoa, walimpa Mkaza mjomba kiti, maji, mtu akaleta mwavuli. Mfamasia alikuja mbio na kipimo cha presha. Ikakutwa nzuri kuliko miezi yote! Wakamuuliza mama, wewe ni wa wapi? Akasema wa hapa. Mume wangu ndiye diwani.

Kisha baba wa taulo akasema karibu, mama. Mwambie naye aje siku moja. Na Katibu? Aliondoka kwa miguu, akiruka matofali.

Kobe ana jicho moja. Lakini anatembea.

Jumapili, 13 Aprili

Naandika garini, daftari juu ya usukani, nje ya shule mpya. Ndiyo, ni huku tunakopiga kura sote sasa, Zamani na Vigae. Tume ya uchaguzi ilileta kituo chake penye watu.

Na watu wapo! Foleni imetoka madarasani, imezunguka uwanja, imepita geti, imeshuka barabarani hadi hapa niliposimama. Hakuna aliyelala. Wamekuja na viti vya kukunja, na chupa za chai, na watoto. Wa Zamani nawaona pia, mmoja mmoja, kama mbegu zilizodondoka.

Mjomba nimemleta mimi. Mkaza mjomba alitaka kuendesha, tukamshinda kwa kura mbili kwa moja. Sasa yuko mbele kabisa, kapewa kiti kwa ajili ya magoti, anaongea na mstari mzima.

Njiani, penye mtaro, Mjomba akaniambia nisimame. Akautazama mtaro, akatazama alama za magurudumu. "Breki yako ni nzima?" akauliza. Nikasema nzima, Mjomba. Akaitikia kwa kichwa. Tukaendelea.

Mlinzi alimwona mzee, akamwita apite mbele. Mjomba akakataa. "Nitapanga." Kavua kofia, kaishika. Yuko hapa karibu na dirisha langu, nasikia kila kitu. Hakuna aliyegeuka kumtazama mara mbili.

Nyuma yake yuko dada mdogo mwenye mtoto. Nadhani ndiye yule wa matofali, au ni mwingine, wako wengi. Amemsalimia: shikamoo. Kisha amemuuliza kwa upole:

"Baba, na nyinyi mmehamia lini?"

Niliinua kalamu. Nikajua sasa atamwambia. Atavaa kofia na atamwambia.

Mjomba kafikiri. Akasema, "Bado tunahamia, mwanangu."

Basi yule dada akaanza kumkaribisha! Maji yanakatika Jumatano, jaza ndoo Jumanne. Basi la kwanza ni la alfajiri, la pili halina adabu. Mvua ikinyesha asipite ile njia ya chini. Mjomba anaitikia, ee, ee, anauliza, anauliza tena. Sijawahi kumwona akimsikiliza mtu bila kumkata kauli.

"Na diwani wenu je?" kauliza.

"Wanasema yupo. Mimi simjui. Mke wake ndiye tumemwona, Ijumaa, mama mcheshi sana. Ila Mfamasia namjua, mtoto alipougua alinifungulia mlango na nguo za kulalia."

Mjomba ametazama mapaa.

Foleni inasogea. Imesogea sana. Nami nilipaswa kuwa humo, sijapanga bado, na sijui nikifika kwenye karatasi mkono wangu utakwenda upande gani. Nimewasha Kobe nikawafuata pembeni polepole, sasa tuko getini, naona mlango wa darasa wazi.

Wanakaguliwa vitambulisho. Dada anatafuta chake, mkoba umejaa nepi na biskuti, hakionekani. "Baba, nishikie kidogo," — kampa Mjomba mtoto! Mjomba kambeba. Kofia imeanguka, mtoto kashika sikio la mheshimiwa, analivuta.

Karani ameita anayefuata.

Ni yeye. Mtoto bado yuko mikononi, mama bado anachimbua mkoba, karani anamnyooshea Mjomba karatasi, naye hana mkono wa kuipokea. Kageuka. Ananitafuta kwa macho. Karani ameita tena, na Mjomba anamtazama mtoto, anatazama karatasi, anacheka — ngoja nishuke nimpokee mtoto.